Usihesabu farasi peke yake: pikipiki ya koperative na milima yetu



Mara hii siandiki juu ya mozaiki ya muhogo wala juu ya mnyauko wa migomba. Naandika juu ya pikipiki. Najua wengine mtasema Agronome ameacha shamba, ameingia garaji. Ni kweli kidogo. Lakini kahawa, maharagi na mbegu zetu zinatembea juu ya pikipiki kila siku, na pesa ya pikipiki inatoka katika sanduku lenu.

Wiki chache zilizopita nilikaa katika mkutano wa koperative moja ya kahawa, upande wa Kalehe. Pesa ya kununua pikipiki ilikuwa imepatikana, na saa nzima ilipita kwa swali moja: tununue ya aina gani? Kijana mmoja, mtoto wa mwanachama, motari mwenye akili na mkono mwepesi, alikuwa na picha mbili katika simu yake. Ya kwanza ilikuwa Yamaha R15, pikipiki ya mbio, imeinama mbele kama mwewe anayetaka kushuka juu ya kifaranga. Ya pili ilikuwa Boxer 150 ya Bajaj, ile mnayoiona kila siku barabarani. Akasoma karatasi zake: "Agronome, hii iko na farasi 17. Ile ingine iko na 12 tu. Sasa juu ya nini tununue ile ndogo?"

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja tu, ambaye kila msimu analeta kahawa yake mgongoni, aliuliza: ni ipi itafika kwangu juu kama mvua imenyesha? Hakuna aliyemjibu. Hata mimi nilisema maneno mawili matatu ya kuzunguka, kisha tukapita kwenye jambo lingine. Nilirudi Bukavu nikijikasirikia, maana jibu nilikuwa nalo, na nililipata kwa njia mbaya. Basi leo namjibu yule mama, na kijana pia.

Namna nilivyojifunza

Nilipomaliza masomo ya agronomia nilipewa pikipiki ya mradi. Ilikuwa ya mapigo mawili, ile ya kuchanganya mafuta ndani ya esanse, yenye sauti kama nyuki ndani ya kopo. Haikuwa na umbo la mbio, lakini tabia yake ilikuwa ileile. Motere ikizunguka polepole ilikuwa imelala. Ukiikamua mpaka ikalia, ghafla iliamka na kuruka. Kwenye barabara ya Kavumu nilikuwa napita watu wote. Nilikuwa na miaka 26, na nilifikiri huo ndio uzuri wa pikipiki.

Siku moja ya mwezi wa nne, kahawa imeiva na mvua haikatiki, nilijitolea kubeba magunia mawili ya kahawa mbichi ya kikundi cha akina mama, niyafikishe kwenye stesheni ya kuoshea, ng'ambo ya kilima. Mnajua sheria ya kahawa: ikichumwa asubuhi, itolewe ganda siku hiyohiyo. Katikati ya mpando mbuzi alikata njia. Nikashika breki, motere ikashuka, ikalala. Nikajaribu kuondoka tena. Nafungua gazi mpaka mwisho, naachia ambreyaji nusu, inalia, haiendi. Naachia zaidi, inazimika. Nikarudia mara tano, sita. Nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, nayo ilikuwa ambreyaji yenyewe. Kisha pikipiki ikaanza kurudi nyuma pamoja nami na magunia yote, tukalala katika matope.

Mguu wangu ulipona kwa wiki mbili. Kahawa haikupona. Akina mama wawili waliokuwa wakipita walifunga magunia kwa kamba, wakayabeba mgongoni, nami nikifuata nyuma nasukuma pikipiki iliyokufa. Tulifika usiku, stesheni imefungwa. Asubuhi kahawa ilikuwa imeanza kunuka kama kasiksi, ikatupwa katika daraja la chini. Hasara ile sikuilipa mimi. Wenye kahawa njo waliilipa, na hakuna aliyenidai hata franga moja. Ningependa wangenidai.

Pikipiki ile haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima, na kwenye barabara tambarare ilikuwa na nguvu kuliko nyingi. Ila nguvu yake ilikuwa inakaa mahali ambapo mimi, juu ya mlima ule na mzigo ule, sikuweza kuifikia.

Kinu na mchi

Fikiria akina mama wawili wanatwanga sombe. Mmoja ana mchi mwepesi, anapiga haraka haraka, mara mbili kuliko mwenzake. Wa pili ana mchi mzito, anapiga polepole. Kazi inaweza kwisha saa ileile. Ukiangalia kazi ya saa nzima, utasema nguvu zao ni sawa.

Sasa waambie wote wawili wapunguze mwendo. Mwenye mchi mzito, hata akipiga mara moja moja, kila pigo linasaga majani. Mwenye mchi mwepesi akipunguza mwendo hafanyi kitu tena, mchi unagusa tu juu ya sombe. Yeye kazi yake yote iko katika wingi wa mapigo. Ukimnyima mbio umemnyima kila kitu.

Nguvu ya pigo moja, mafundi wanaiita kuple. Ndiyo nguvu ya motere ya kukaza na kuzungusha, nayo inapimwa kwa Newton-mita. Farasi ni kitu kingine: ni nguvu ya pigo ukiizidisha kwa wingi wa mizunguko katika dakika moja. Hesabu yake haina uchawi. Chukua kuple, zidisha kwa mizunguko ya dakika, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Kilowati moja ni farasi 1.36.

Turudi kwenye simu ya kijana. R15 ile ya kwanza, iliyotoka mwaka 2008, inatoa farasi 17 motere ikizunguka mara 8,500 kwa dakika, na kuple yake ya juu kabisa, Newton-mita 15, inaifikia kwenye mizunguko 7,500. Boxer 150 inatoa farasi 12 kwenye mizunguko 7,500, na kuple yake ya juu, Newton-mita 12 na kitu, inaifikia kwenye mizunguko 5,000. Wenye macho makali watasema: lakini Agronome, hata kuple ya R15 ni kubwa! Ndiyo, ni kubwa. Angalieni basi namba ya pili, ile inayosema iko kwenye mizunguko mingapi. Wauzaji wanaiandika kwa herufi ndogo, na sisi tunaipita. Kwa mtu wa mlimani namba ile ina thamani kuliko zote za karatasi.

Juu ya nini? Tufanye hesabu ya kilima chenyewe.

Tuseme pikipiki ina kilo 120, mwendeshaji 65, magunia mawili ya kahawa 80. Jumla 265. Kilima kinapanda mita 15 katika kila mita 100 za njia, na mnajua tuna vilima vibaya kuliko hivyo. Ili kuusukuma mzigo ule juu, unahitaji msukumo wa karibu kilo 40 nyuma ya pikipiki, bila kupumzika. Matope na mawe yanaongeza theluthi hivi. Ukipanda kwa kilometa 15 kwa saa, mwendo wa mtu mwenye busara, nguvu yote inayohitajika ni karibu farasi 3.

Farasi 3! Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza nilifikiri nimekosea, nikarudia. Pikipiki yenye farasi 12 inatosha mara nne. Pikipiki yangu ya zamani ilikuwa na farasi nyingi kuliko 3, na ilishindwa.

Hapo njo tunafika kwenye shina la jambo. Kwa kilometa 15 kwa saa, gurudumu la nyuma linazunguka karibu mara 130 kwa dakika. Katika vitesi ya kwanza, motere ya pikipiki ndogo inazunguka mara 30 hivi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Zidisha: karibu mizunguko 4,000. Hiyo ndiyo sauti ya motere juu ya mlima wetu, upende usipende. Boxer kwenye 4,000 iko karibu kabisa na mahali pake pazuri. Pikipiki ya mbio kwenye 4,000 ni yule mwenye mchi mwepesi aliyeambiwa apunguze mwendo. Na kwa kawaida pikipiki za mbio zina vitesi ya kwanza ndefu, yaani motere inazunguka hata chini ya hapo. Ili iamke, lazima uende kasi sana juu ya mawe, ama uteleze ambreyaji mpaka iungue. Mimi nilichagua ambreyaji.

Wenzetu wa ng'ambo na motere ya V

Mabishano haya si yetu peke yetu. Marekani na Ulaya kuna watu wengi waliokulia juu ya pikipiki za mbio zenye silinda nne, kama Yamaha R6, ambayo farasi zake zote zinapatikana baada ya mizunguko 14,000 kwa dakika. Kisha siku moja mtu, pengine mgongo umeanza kumuuma, anaiacha na kununua pikipiki yenye silinda mbili zilizopangwa kama herufi V. Harley-Davidson walitoa V yao ya kwanza mwaka 1909, na mpaka leo V yao ya kawaida imefunguka digrii 45. Ducati wa Italia wanaifungua digrii 90. Silinda zote mbili zinasukuma mahali pamoja pa mti wa katikati wa motere, na kila silinda ni kubwa, kwa hiyo kila pigo ni zito. Harley kubwa za siku hizi zinatoa kuple yake ya juu kwenye mizunguko 3,000 na kidogo.

Anayehama hivyo, siku za kwanza anahuzunika. Anasubiri ule mruko wa juu, hauji. Anakamua, motere inatetemeka na kukasirika, mwendo hauongezeki sana. Anafikiri ameuziwa mzee. Baadaye mkono wake unajifunza kubadili vitesi mapema, na anagundua kwamba anaweza kutoka kwenye kona akiwa bado katika vitesi ya tatu, bila kelele, pikipiki inamkokota tu. Nguvu ipo palepale mkono unapofungua, haiitwi kutoka mbali.

V yenyewe si dawa. Ducati wanatengeneza V za mashindano zinazozunguka kwa kasi sana. Kinacholeta mkokoto ni namna motere ilivyotengenezwa ndani: pistoni inayotembea safari ndefu ya juu na chini, uzito wa kutosha wa gurudumu la ndani linalohifadhi mwendo kati ya pigo na pigo, na njia za hewa zilizopimwa kwa ajili ya kupumua vizuri polepole. Motere ya mbio ina silinda pana na fupi, na njia kubwa za hewa. Ikizunguka kasi inapumua vizuri sana, ila ikienda polepole hewa na esanse vinaingia kwa uvivu na kuchanganyika vibaya.

Huku kwetu V haitatufaa. Harley kubwa ina zaidi ya kilo 250, na nisingependa kuwa mtu anayeitoa katika matope ya Ngomo. Lakini silinda moja ya mapigo manne, yenye moyo wa kukokota, inatupa tabia ileile kwa bei ya kwetu. Boxer ni mfano. TVS HLX ni mfano. Yamaha wana AG200, ya sentimita 196, iliyotengenezwa kwa ajili ya wafugaji na wakulima, yenye vyuma vya mzigo mbele na nyuma na shene iliyofunikwa isiingie matope. Ni nzuri sana, lakini bei yake haifai koperative ndogo. Nazitaja ili mjue jamii yake, sipati kamisheni kwa mtu.

Kuna tena habari ya hewa. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na Bukavu ni kwenye 1,500. Hewa ni nyembamba, na motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Zile farasi 12 za karatasi, ukifika Bukavu zimebaki 10 na kidogo. Ndiyo maana ndugu zetu wa Uvira wakipanda huku wanalalamika kwamba pikipiki imechoka, na wakishuka tena uwandani inapona bila fundi. Basi farasi za karatasi ni za pwani ya bahari. Na kabiratere iliyopimwa kwa hewa ya chini inatoa esanse nyingi mno huku juu, buji inakuwa nyeusi. Mwonyesheni fundi, kuna kitundu kidogo ndani kinachobadilishwa, si kazi ya pesa nyingi.

Mkono lazima ujifunze upya

Kwa wenye kutoka kwenye pikipiki ya kukamua, ama ya mapigo mawili, kubadili chuma ni rahisi, ila mkono unakumbuka zamani.

Kwanza, acheni kuikamua. Kwenye pikipiki ya kukokota, ukisikia imeanza kupiga kelele bila kuongeza mwendo, umechelewa kupandisha vitesi. Lakini msiende upande wa pili pia. Nimeona wamotari wanaoamini kwamba kwa kuwa inakokota, inaweza kupanda mlima na mzigo katika vitesi ya tatu. Motere inagonga kama mtu anayepiga hodi kwa nyundo, mwili wote unatetemeka, ukifungua gazi hakuna kinachobadilika. Hapo unaumiza vyuma vya ndani na unaichemsha. Shusha vitesi moja kabla ya mlima, si katikati yake. Boxer nyingi hazina saa ya mizunguko, kwa hiyo sikio njo saa yako: sauti nzito, iliyotulia, inayoongezeka ukifungua mkono.

Ukisimama katikati ya mpando, shika breki ya nyuma kwa mguu, fungua gazi kidogo, achia ambreyaji mpaka usikie pikipiki inainuka nyuma, kisha achia breki. Ambreyaji iachiwe yote mapema. Motere nzuri ya kukokota haihitaji kuteleza muda mrefu.

Kushuka, hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu watu wanakufa kwa jambo hili. Katika motere ya mapigo mawili, mafuta ya kulainisha yanaingia pamoja na esanse. Ukishuka mteremko mrefu gazi imefungwa na vitesi ndani, esanse haiingii, mafuta hayaingii, na motere inaweza kukwama kabisa. Kwa hiyo sisi tuliozoea mapigo mawili tulijifunza kushika ambreyaji na kuteremka bure. Kwa pikipiki ile ilikuwa na maana yake. Kwa pikipiki ya mapigo manne ni hatari tupu. Ile ina mafuta yake chini, yanayozunguka yenyewe, na motere iliyofungwa gazi katika vitesi ya pili inazuia pikipiki vizuri sana. Ukitoka Nyangezi kuelekea Kamanyola kwa mteremko wa Ngomo bila vitesi, eti kuchunga esanse, breki zinachemka, na breki iliyochemka haikamati. Shuka katika vitesi uleule ambao ungepandia. Breki zitakusaidia, hazitafanya kazi yote.

Habari ya mafuta inafuata, na hapa nitajicheka mwenyewe. Wiki ya kwanza nilipopewa pikipiki ya mapigo manne, niliingia kwa muuza esanse wa barabarani, mmoja wa wale tunaowaita Kadafi, na mkono wangu ukamimina mafuta ndani ya tanki kama nilivyozoea. Nilipofika Kadutu nilikuwa naacha moshi nyuma kama mtu anayechoma majani. Fundi wangu alifungua buji, akaninusisha, akacheka mpaka akakaa chini. Kosa lile lilinigharimu buji moja tu. Kosa la kinyume ni baya zaidi: aliyezoea kuchanganya hafikiri kamwe juu ya mafuta ya chini, kwa sababu pikipiki yake ya zamani haikuwa na ya kuangalia. Anaendesha mwezi, miwili, mitatu, yanapungua, yanakuwa meusi, siku moja motere inakwama, na bei ya kuitengeneza inakaribia nusu ya pikipiki.

Kwa hiyo koperative iandike katika daftari, kama mnavyoandika kilo za kahawa: tarehe, kilometa, mafuta yamebadilishwa, nani amebadilisha. Pikipiki hizi zinabeba lita moja hivi. Kitabu chake kinasema baada ya kilometa ngapi. Wakati wa vumbi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, msisubiri mpaka mwisho wa namba ile, na msafishe kichujio cha hewa kila wiki. Tumieni mafuta ya pikipiki. Mafuta mengine ya magari yana dawa ya kupunguza msuguano, na kwa kuwa ambreyaji ya pikipiki inaogelea katika mafuta yaleyale, inaanza kuteleza. Mtafikiri mmeuziwa pikipiki mbovu, kumbe ni chupa ya mafuta.

Kabla ya kutoa pesa

Msinunue kwa picha, wala kwa kuzunguka mara moja mbele ya duka kwenye barabara ya lami. Ombeni kuijaribu, na kama muuzaji anakataa, tafuteni motari mwenye pikipiki ya aina ileile, mlipeni saa yake moja. Fungeni juu yake mzigo wa kweli. Nendeni kwenye kilima kibaya cha kwenu, mmsimamishe katikati, aondoke tena. Angalieni mambo mawili tu: je, ameondoka bila kuikamua mpaka ilie? Je, kuna harufu ya kuungua? Mama aliyeuliza swali mkutanoni awepo pale, njia ni yake.

Ulizeni pia bei ya shene, ya breki, ya sahani za ambreyaji, na kama zinapatikana Bukavu ama lazima zitoke mbali. Pikipiki nzuri inayosubiri kipande kwa mwezi mmoja katika msimu wa kahawa haina tofauti na ile mbovu. Na kitabu kinaweka kikomo cha uzito. Najua tunakipita. Ila mkipita, pikipiki yoyote itakuwa dhaifu, na shene iliyokazwa bila mzigo inakazika kupita kiasi magunia yakipanda juu. Ipimeni mtu akiwa ameketi.

Na kama tayari mna pikipiki inayochoka mlimani, msikimbilie kuiuza. Kuna gurudumu dogo la meno mbele, linalovuta shene, mafundi wanaliita pinyoni. Tuseme lako lina meno 14. Weka la 13, na gurudumu la nyuma linapata nguvu karibu asilimia 8 zaidi katika vitesi zote. Unalipa kwa mwendo: kwenye barabara nzuri motere italia zaidi na kasi ya mwisho itapungua kwa kiasi kilekile. Haibadilishi mchi mwepesi kuwa mzito, lakini inamrudisha karibu na mwendo wake. Kwa pikipiki inayofanya kazi ya mashamba, ningefanya hivyo bila kufikiri mara mbili, kwa sababu ni kipande cha bei ndogo na kazi ya chini ya saa moja.

Nilimaliza kuandika haya, kisha nikampigia kijana wa Kalehe simu nikamsomea hesabu ya farasi 3. Alinyamaza. Akaniambia nirudie ile ya mizunguko 130 ya gurudumu. Juma lililofuata walipanda kilimani na pikipiki mbili za kuazima na magunia mawili ya mchanga, kwa sababu kahawa ilikuwa bado haijaiva. Wamenunua Boxer, na yeye ndiye mwendeshaji. Pinyoni ameshaishusha jino moja. Analalamika bado kwamba sauti yake ni ya mzee, na ameniuliza kama kuna namna ya kubadili eksozi. Nimemwambia aulize mkutano.